Kumchagua na Kumlea Mbwa wa Ulinzi Nakuru, Tangu Umri wa Wiki Nane Hadi Miezi Sita

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa Kiamunyi, Lanet, Naka au Bahati anayetaka mbwa wa kulinda boma lake na ambaye yuko tayari kumlea tangu udogoni. Kazi yangu ni kutibu mbwa katika mji huu na viunga vyake, na ninaona kwamba wengi wanaoharibika, ama kwa ugonjwa ama kwa tabia, huharibika kabla hawajatimiza miezi minne. Katika muda huo mfupi kuna mambo mawili yanayovutana. Chanjo bado hazijakamilika, kwa hiyo mtoto wa mbwa hafai kukanyaga mahali palipopitwa na mbwa wasiojulikana. Na wakati huohuo akili yake imefunguka kupokea watu, sauti na mahali papya kwa namna ambayo haitafunguka tena baadaye. Wengi hulinda upande mmoja na kuusahau mwingine. Hatua zifuatazo zimepangwa ili pande zote mbili zishughulikiwe.

Hatua ya kwanza: Kagua boma kabla ya kumtafuta mbwa

Zunguka ua wako wote. Ua wa michongoma wenye mianya chini humpitisha mtoto wa mbwa bila shida, na mbwa anayezoea kutoka nje akiwa mdogo ataendelea kutoka akiwa mkubwa. Amua ni nani atakayemlisha na ni nani atakayekuwa nyumbani mchana, kwa maana mtoto wa mbwa wa wiki nane hawezi kuachwa peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Ikiwa unaishi katika ploti ya kupanga yenye uwanja mmoja unaotumiwa na familia nyingi, ninakushauri usichukue mbwa wa ulinzi kabisa, kwa sababu hatajua aliyekuja kwako na aliyekuja kwa jirani.

Jenga kibanda mapema. Kipe mgongo upande unaovuma upepo, inua sakafu yake kutoka ardhini, na uezeke paa lisilovuja, kwani usiku wa Juni na Julai katika mji ulio juu ya mita 1,800 huwa baridi kweli kwa mnyama mchanga.

Hatua ya pili: Chagua aina inayofaa nyumba yako

German Shepherd ndiye anayeulizwa zaidi, na sifa zake ni za kweli: hufundishika upesi, hushikamana na wenyeji wake, na manyoya yake mazito huifaa hali ya hewa ya Nakuru. Aina hii iliasisiwa Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa wachungaji, kwa hiyo ni mnyama wa kufanya kazi ambaye akikosa shughuli huchimba bustani na kubweka ovyo. Udhaifu wake mkubwa ni viungo vya nyonga, ambavyo hurithiwa vikiwa na kasoro. Omba uone wazazi wote wawili wakitembea na kuinuka kutoka chini. Mzazi anayeinuka kwa taabu au anayeyumba nyuma akupe sababu ya kwenda kwingine.

Rottweiler ni mbwa mzito, mwenye nguvu na utulivu, lakini anahitaji mtu aliyewahi kulea mbwa, na ni miongoni mwa aina zinazoumizwa sana na parvo, ugonjwa wa virusi unaoleta kutapika na kuhara damu, hivyo ratiba yake ya chanjo haisamehe kuchelewa hata kidogo. Boerboel wa Afrika Kusini anaweza kupita kilo 60 akikomaa. Fikiria gharama ya kumlisha kabla ya kuvutiwa na kichwa chake. Doberman ana manyoya mafupi na mwili mkavu, naye atateseka kwa baridi ya Molo asipopewa mahali pa joto. Ndugu zetu wa Kisumu, ambako mji uko chini kuliko Nakuru kwa takribani mita 700 na joto ni kali, wajiepushe na mbwa wenye pua bapa na wale wa manyoya ya nchi za theluji, kwa kuwa mbwa hujipoza hasa kwa kuhema wala si kwa kutoka jasho.

Kwa nyumba nyingi za hapa ninapendekeza mbwa wa kienyeji au chotara wa kienyeji na German Shepherd. Ana masikio makali, hula kiasi, na mwili wake umechujwa na vizazi vingi vya maisha magumu. Hata hivyo, asije mtu akakudanganya kwamba mbwa wa kienyeji hahitaji chanjo: parvo na kichaa cha mbwa humuua sawasawa na mwenzake aliyenunuliwa kwa bei ghali. Na ikiwa muuzaji anakutoza bei ya mbwa asiyechanganyika, mwombe hati ya usajili ya East Africa Kennel Club. Pasipo hati, lipa bei ya chotara.

Hatua ya tatu: Mkague mtoto na mama yake

Usimchukue kabla ya wiki nane. Wiki ambazo mtoto hukaa na nduguze ndizo zinazomfundisha kupunguza nguvu za meno yake anapocheza, na binadamu hawezi kulifundisha somo hilo vizuri kama wao. Usinunue kwenye sanduku kando ya barabara, ambapo humwoni mama wala hujui watoto wa mama wangapi wamechanganywa pamoja.

Fungua mdomo uone ufizi: uwe wa waridi na wenye unyevu, kwani ufizi mweupe huashiria upungufu wa damu unaotokana na minyoo, viroboto au kupe. Tumbo lililojaa kama ngoma juu ya mbavu zinazohesabika ni dalili ya minyoo. Macho na pua visiwe na usaha, na manyoya ya chini ya mkia yasiwe na alama za kuhara. Kisha chuchumaa mbali kidogo na upige makofi mara moja. Mchague yule anayeshtuka, akatazama, halafu akaja kuchunguza. Huyo ana tahadhari na ujasiri kwa pamoja. Anayejificha pembeni na kukataa kutoka ni vigumu kumfanya mlinzi, kwa sababu mbwa mwoga huuma kwa hofu, na mara nyingi anayeumwa huwa mtoto wa nyumbani.

Hatua ya nne: Minyoo na chanjo

Minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto akiwa tumboni na tena kupitia maziwa, kwa hiyo dawa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baada ya hapo kila miezi mitatu. Mpime uzito kabla ya kila dozi, maana huongezeka upesi.

Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo, distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na neva) na homa ya ini ya mbwa, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, nayo hurudiwa kila baada ya wiki tatu hadi nne mpaka mtoto atimize wiki 16. Wateja wengi huuliza kwa nini sindano moja haitoshi. Maziwa ya kwanza ya mama humpa mtoto kinga ya muda, na kinga hiyo huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Huisha siku tofauti kwa kila mtoto, na kwa kuwa hatuwezi kuijua siku hiyo kwa kumtazama, tunarudia mpaka tuwe na hakika kwamba angalau sindano moja imemkuta akiwa tayari. Anayechanjwa mara moja katika wiki ya sita na kuachwa, mara nyingi ndiye anayeletwa kwangu akitapika na kuhara damu yenye harufu kali. Ukiziona dalili hizo usisubiri kesho, kwani parvo humuua kwa kumkausha maji mwilini.

Virusi vya parvo huweza kukaa ardhini hata mwaka mzima. Ikiwa mbwa alikufa nyumbani kwako kwa ugonjwa huo, usilete mtoto mwingine ambaye hajamaliza chanjo. Sakafu ya saruji isafishwe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote uondoke, kisha imwagiwe jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, na iachwe dakika kumi. Jiki inayomwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, na huendelea kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, na lengo hilo hutegemea kuchanjwa kwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa kila eneo. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo.

Hakikisha anayechanja amesajiliwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya, kama sheria ya mwaka 2011 inavyotaka. Tazama pia chanjo inatoka wapi. Huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi; chupa inayotolewa mfukoni, hata kama ni bei nafuu, ni maji tu. Dai kadi iliyobandikwa kibandiko cha chupa hiyo, chenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha.

Hatua ya tano: Mwonyeshe dunia bila kumkanyagisha uchafu

Kati ya wiki ya tatu na takribani wiki ya 14, mtoto wa mbwa hukipokea kila anachokutana nacho kuwa ni kitu cha kawaida. Baadaye, kigeni huwa adui. Wenye mbwa wa ulinzi hufikiri kwamba akifichwa watu atakuwa mkali, na kweli atakuwa mkali, lakini hatachagua: atamrukia mwizi, na atamrukia pia anayeleta mtungi wa gesi, shangazi aliyetoka Kakamega, na mwanao aliyevaa kofia asiyoijua. Mlinzi mwema ni yule anayejua kilicho cha kawaida, ndipo atambue kisicho cha kawaida.

Kwa kuwa chanjo hazijakamilika, mbebe. Mpakate langoni asubuhi wanafunzi wanapopita na bodaboda zinaponguruma. Keti naye ndani ya gari karibu na stendi ya matatu kwa dakika chache, na umpe kipande kidogo cha nyama kila sauti kubwa inapolia. Mwalike mama mboga, fundi, mzee mwenye bakora na watoto wa jirani waingie uani, viatu vyao vikiachwa mlangoni, na kila mmoja amguse kwa upole. Anaweza kucheza na mbwa mkubwa wa rafiki ikiwa huyo amechanjwa na haendi kuzurura. Asiwekwe chini sokoni, machinjioni, kwenye majaa wala kando ya mitaro. Akionyesha hofu, rudi nyuma hatua chache mpaka atulie. Kumlazimisha akaribie humzidishia hofu.

Usimfunge mnyororo mchana kutwa. Mbwa wa namna hiyo huona watu wakipita asiweze kuwafikia wala kuwakwepa, na hasira yake hukua bila mpango.

Hatua ya sita: Chakula

Mpe mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili. Ugali mtupu haujengi mwili. Changanya na omena waliosafishwa mchanga na kuchemshwa, ambao mifupa yao laini ina kalsiamu, au matumbo yaliyopikwa yakaiva kabisa. Mapafu na maini mabichi yanaweza kubeba tegu wa mbwa, ambaye mayai yake huleta uvimbe mkubwa katika ini la binadamu. Mahindi yenye ukungu yasipikiwe mbwa hata kidogo. Sumu ya kuvu huharibu ini lake haraka. Vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa pia viondolewe katika mabaki ya mezani.

Hatua ya saba: Kupe

Mkague kila jioni masikioni, kati ya vidole na chini ya mkia, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Homa, ufizi kupauka, mkojo wa rangi ya chai au damu puani ni dalili za magonjwa ya kupe, nayo hutibika yakiwahiwa. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kipimo cha kukisia, wala usikubali achomwe sindano ya ivamektini, dawa ya minyoo ya ng'ombe: kipimo kikizidi humwangusha, na mbwa wa jamii ya collie pamoja na baadhi ya German Shepherd huweza kufa kwa kiasi ambacho wengine hukistahimili.

Hatua ya nane: Amri

Anza wiki ileile anapofika, dakika tano kwa mara moja, mara kadhaa kwa siku. Katika nyumba inayozungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, watu wote wakubaliane neno moja kwa kila tendo: "kaa", "njoo", "subiri", "acha". Kwa "kaa", inua kipande cha chakula juu ya pua yake mpaka makalio yaguse chini yenyewe, sema neno, umpe papo hapo. Zawadi ikichelewa haelewi amelipwa kwa lipi. Usimwite "njoo" ili umwadhibu, la sivyo atajifunza kutokuja.

Mfundishe kula katika bakuli lake pekee, na akubali kuondoka kwenye nyama iliyo chini anaposikia "acha", kwa sababu wezi hutupa nyama yenye sumu juu ya ua. Usimlaumu asipobweka akiwa na miezi minne. Ulinzi huja na ukomavu, kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miaka miwili, na kumchokoza ili awe mkali humharibu tu.

Hatua ya tisa: Kumfunga uzazi

Jike hupata joto la kutaka dume mara ya kwanza kuanzia miezi sita, kwa muda wa wiki tatu hivi, na mimba hudumu siku 63. Wale wanaozurura wakati huo huambukizana uvimbe wa sehemu za siri, ambao hutibiwa kwa sindano za kila wiki. Jike wa kienyeji anaweza kufanyiwa upasuaji akiwa na miezi sita. Kwa mbwa wa miili mikubwa ni afadhali kungoja mpaka apite mwaka, mifupa ikomae. Usiku wa kuamkia upasuaji asile. Baadaye awekwe mahali pakavu, azuiwe kulamba kidonda, asiogeshwe wala kurukaruka hadi nyuzi zitolewe baada ya siku 10 hadi 14.