Gari la turbo linachemsha: fuata joto kabla ya kununua rejeta

Magari mengi ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) yaliyoongezewa nguvu hunifikia yakichemsha huku yameshafungwa rejeta mpya ya alumini, nene na inayong'aa, na bado sindano inapanda. Juzi nimemsaidia kijana mwenye gari la namna hiyo. Maswali yake yalikuwa yale yale ninayoulizwa kila mara, kwa hiyo nimeyaandika kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Nachukulia unajua kuinua gari kwa usalama, kumwaga kulanti (maji ya kupozea injini) kwenye chombo, na kutogusa mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

Hatua ya 1: Jua ni joto lipi

Usiiamini geji ya dashibodi. Nyingi za kiwandani zimepangwa zitulie katikati hata joto la maji likipanda na kushuka kwa nyuzi 20, na zikianza kusogea umeshachelewa. Chomeka skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), soma joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Joto la oili liwe na sensa na geji yake. Haya ni majoto matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kisha uliza linachemka lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukianza kutembea, anza na feni. Likiwa sawa kwenye foleni lakini linapanda taratibu ukienda mwendo mkubwa kwa muda mrefu, maji hayazunguki vizuri, au rejeta imeziba, au hewa haiipiti. Likipanda pale tu busti (shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo) inapoingia, nenda hatua ya 2 kabla ya kutoa hela yoyote.

Hatua ya 2: Gasketi ya silinda hedi

Gasketi hii huziba kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake. Tumia kile kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Yakigeuka njano, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Ila yakibaki bluu usishangilie bado. Busti kubwa huweza kuinua hedi kidogo wakati wa mzigo tu, halafu ikakaa tena, na gari likiwa limesimama linanguruma polepole kipimo hakitaona kitu. Liendeshe kwa nguvu kwanza, ndipo upime. Dalili ninayoiamini zaidi ni hii: tanki la akiba limejaa kupita alama baada ya kukanyaga, na asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, hozi ya juu bado ni ngumu.

Hatua ya 3: Tyuni (mipangilio ya kompyuta ya injini)

Cheche ikicheleweshwa sana, joto ambalo lingesukuma pistoni linaishia kwenye egzosi, turbo na hedi. Mchanganyiko wenye mafuta machache chini ya busti ni mbaya zaidi. Mpelekee fundi wa tyuni kumbukumbu za skana, si maelezo ya mdomo.

Hatua ya 4: Njia ya hewa

Hewa ni mvivu. Ukiiachia upenyo pembeni mwa rejeta itapita hapo, haitahangaika kupenya kwenye mapezi (vibati vyembamba vya rejeta). Intakula (kipoza hewa ya turbo) ya mbele ikishafungwa, mara nyingi kunabaki nafasi kati yake na rejeta, na hewa iliyopita kwenye intakula inatorokea pembeni. Ziba kwa bati la alumini na sponji isiyoungua: pande zote mbili, juu, na chini. Chini ndiko wengi husahau. Ile sahani ya plastiki iliyokuwa chini ya bampa, uliyoitupa ulipofunga bomba za intakula, ilikuwa na kazi yake. Irudishe.

Feni napendelea ile ya kuvuta, iliyo nyuma ya rejeta, ikiwa na ganda linalofunika eneo lote. Feni isiyo na ganda huvuta hewa kwenye duara lake tu. Rilei yake na fyuzi viwe vya uwezo wa kutosha, na waya mnene kutoka kwenye betri. Waya mwembamba hupoteza umeme njiani na feni inazunguka kwa uchovu.

Kuhusu boneti: kuinyanyua nyuma kwa kuweka washa (vyuma vya duara vyenye tundu) kwenye bawaba sikubaliani nako. Gari likiwa limesimama joto hutoka hapo, kweli, lakini likienda kasi, chini ya kioo cha mbele pana shinikizo kubwa la hewa, kwa hiyo hewa inasukumwa kuingia badala ya kutoka. Kama utatoboa boneti, toboa karibu na nyuma ya rejeta, ambako shinikizo ni dogo.

Hatua ya 5: Toa hewa kwenye mfumo wa maji

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Gari la turbo lililofanyiwa mabadiliko lina hozi za maji za ziada: za turbo, pengine na za kipoza oili. Tanki nalo limehamishwa ili kupisha bomba. Kila mgongo kwenye hozi ni mahali pa hewa kujificha. Utaona sindano inaruka ghafla, hita inatoa hewa baridi wakati injini ni ya moto, na kuna mlio wa maji yanayobwatabwata nyuma ya dashibodi. Baya kuliko yote, sensa ikikaa ndani ya povu la hewa inaweza kusoma chini kuliko ukweli.

Inua mbele ya gari mpaka mdomo wa kujazia uwe juu kuliko kila kitu. Weka hita kwenye joto la mwisho. Fungua skrubu za kutolea hewa, jaza polepole kwa faneli ndefu inayobana mdomoni, na funga kila skrubu maji yanapotoka bila mapovu. Washa injini. Bonyezabonyeza hozi ya juu ukiwa na glovu. Subiri themostati (valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) ifunguke. Utajua kwa hozi ya upande wa pili wa themostati kupata joto. Subiri feni iwake na kuzima angalau mara mbili, panda hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa muda mfupi, kisha zima na uache ipoe kabisa, si nusu saa. Ongeza maji. Rudia.

Sasa vikwazo. Themostati nyingine hazina kitundu cha kupitisha hewa. Toboa cha milimita 3 kwenye ukingo wake na ukifunga kikae juu kabisa. Na tafadhali usiitoe themostati ukidhani unaipoza injini. Kwenye injini nyingi ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji, kwa hiyo ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kufika kwenye rejeta.

Hozi za turbo ndizo zenye ubishi. Injini ikizimwa pampu haizunguki tena, na maji ndani ya turbo hutembea kwa sababu ya moto kupanda na baridi kushuka. Hozi ya kutokea ipande moja kwa moja hadi kwenye tanki bila kushuka popote. Ikiwa na mgongo, mvuke unanaswa, maji yanasimama, na oili iliyobaki kwenye bearingi inaungua na kuwa masizi. Na tanki lenyewe liwe sehemu ya juu kuliko zote. Likiwa chini ya turbo, hutamaliza kutoa hewa.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kijazio cha kunyonya hewa, kinachotumia upepo wa kompresa. Kinatoa hewa yote, hozi zinabonyea (ni kawaida), kisha unaangalia sindano yake kwa dakika chache. Ikishuka, una mvujo. Ikitulia, unafungua valvu na mfumo unavuta kulanti wenyewe. Hakitibu tanki lililowekwa vibaya. Na kama mapovu hayaishi siku nzima, hiyo si hewa ya kujazia. Rudi hatua ya 2.

Mchanganyiko: nusu maji na nusu glaikoli (kimiminika cha kuzuia maji kuganda) ni sawa kwa barabarani, na kwa mfuniko wa shinikizo la baa 1.1 kiwango cha kuchemka kinapita nyuzi 125. Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, kwa hiyo penye joto na pasipoganda unaweza kupunguza glaikoli, ila usiache dawa ya kuzuia kutu. Viwanja vingi vya mbio vinakataza glaikoli kwa sababu ikimwagika lami inateleza.

Hatua ya 6: Hewa ya busti

Hewa ya nyuzi 25 ikibanwa kwa busti ya baa 1, kwenye turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka na nyuzi karibu 118. Intakula nzuri inaishusha hadi hamsini na kitu. Ukiona namba zinazidi hapo na busti haijabadilika, kagua mivujo: turbo inayolazimika kufidia upepo unaotoroka huzunguka zaidi na kuchemsha hewa zaidi.

Hatua ya 7: Oili na egzosi

Kipoza oili kiwe na themostati yake, la sivyo oili haitapata joto kwenye safari fupi. Nyuzi 100 hadi 120 ni sawa. Ikikaa juu ya 130, punguza mguu.

Turbo ivalishe blanketi lake. Kwa bomba la egzosi napendelea kupakwa kauri kuliko kufungwa kitambaa: kitambaa hushika unyevu na chuma cha kawaida kinaoza chini yake, na kikinyonya oili kinaweza kuwaka moto.

Hatua ya 8: Jaribu

Badilisha kitu kimoja, endesha njia ile ile saa ile ile, soma namba. Ukifunga feni, bati na kulanti mpya siku moja hutajua kilichosaidia. Dakika za mwisho endesha taratibu bila busti kabla ya kuzima, na kesho yake asubuhi angalia maji kwenye tanki kabla ya kuwasha.