Je, seli za utumbo zilizolemewa huchochea kovu? Namna ya kulipima swali hilo kwenye sahani

Katika ugonjwa wa Crohn utumbo huvimba, hupoa, kisha huvimba tena, na kovu linazidi kujijenga ukutani. Likikomaa, njia inabana. Dawa za kutuliza uvimbe hazililegezi, kwa hiyo mgonjwa hupanuliwa kwa puto au hukatwa kipande cha utumbo. Seli inayotoa kolajeni ya kovu hilo ni faibroblasti. Lakini inachochewa na nani? Wengi hutazama seli za kinga tu. Seli za utando wa ndani nazo zina kesi ya kujibu.

Seli hizo hutengeneza ute na protini nyingi za kupelekwa nje, na kazi hiyo hufanyika kwenye retikulamu ya endoplazimu. Protini zisipokunjwa sawasawa hurundikana humo, na seli inaingia kwenye msongo. Mwaka 2008 Arthur Kaser na wenzake walionyesha kwamba panya walioondolewa jeni ya XBP1 kwenye utando wa utumbo hupata uvimbe wa utumbo mwembamba wenyewe, bila kuchokozwa na kitu kingine. XBP1 ni mojawapo ya jeni zinazoisaidia seli kubeba mzigo huo.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza: zilemee seli za utando, chukua midia zilimokaa, wape faibroblasti, uone kama kolajeni inaongezeka. Mwanafunzi wa uzamili ninayemsaidia analifanya sasa hivi, na maswali yake ndiyo yamezaa mwongozo huu. Nachukulia unajua kulea seli, kutoa RNA na kuendesha PCR.

Hatua ya 1: Andaa seli

Caco-2 (seli za saratani ya utumbo mpana wa binadamu, ambazo zikikomaa hufanana na utando wa utumbo) zinatosha kuanzia. Ziache wiki tatu baada ya kujaza sahani ili zikomae. Usizitumie zikiwa changa kwa sababu ya haraka. Kwa faibroblasti tumia CCD-18Co, zilizotoka utumbo mpana wa binadamu, za vizazi vya mwanzo.

Hatua ya 2: Zilemee

Watu hupenda thapsigajini kwa kuwa ina nguvu. Mimi siipendi kwa jaribio hili: inang'ang'ania pampu ya kalsiamu na haiachii kirahisi. Tumia tunikamaisini, dawa inayovuruga ukunjaji wa protini, mikrogramu 1 hadi 2 kwa mililita, saa 4 hadi 6 tu, kisha iondoe. Kontroli ipewe DMSO, kiyeyushi cha dawa hiyo, kiasi kilekile. Ukiona seli zinaelea, punguza dozi. Seli inayokufa humwaga kila kilichomo ndani yake, na hapo unapima kifo, si msongo.

Hatua ya 3: Hakikisha zimelemewa kweli

Pima BiP na CHOP, jeni zinazopanda seli ikiwa kwenye msongo, kwa qPCR, halafu angalia XBP1. Chini ya msongo, kipande cha nyukleotidi 26 hukatwa kutoka kwenye RNA yake, kwa hiyo PCR inatoa mikanda miwili iliyokaribiana sana. Jeli ya asilimia 3, umeme mdogo, subira. Mkanda wa tatu ukitokea juu usishtuke: ni nyuzi za matoleo yote mawili zimeshikana. Ukiwa na shaka weka kimeng'enya cha PstI. Kinakata toleo la kawaida na kuliacha lile la msongo.

Hatua ya 4: Kukusanya midia

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika, tena kimyakimya, maana matokeo yanaweza kupendeza kabisa huku yakiwa ya uongo.

Tatizo la kwanza ni dawa kusafiri na midia. Tunikamaisini ikibaki, faibroblasti nazo zitaingia kwenye msongo, nawe utadhani zimepokea ujumbe. Au kinyume chake: dawa hiyo huzuia protini kuvishwa sukari, vikiwemo vipokezi vya TGF-β (protini inayoziamuru faibroblasti kutengeneza kovu), kwa hiyo inaweza kuzifanya faibroblasti zisisikie ujumbe uliopo. Osha seli kwa PBS mara tatu, ukibadilisha pipeti kila mara. Weka midia mpya, subiri saa 24, ndipo ukusanye.

Kuosha peke yake hakutoshi. Andaa sahani isiyo na seli, ipitishe kwenye dawa, kuoshwa na kungoja vilevile. Midia yake ni kontroli ya lazima. Hata hiyo haikamiliki, kwa kuwa seli hushika dawa nyingi kuliko plastiki na kuiachia polepole. Kwa hiyo pima pia XBP1 ndani ya faibroblasti zilizopokea midia. Ikiwa imekatwa, simama hapo. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kurudia jaribio bila dawa, ukizima XBP1 ya Caco-2 kwa siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyonyamazisha jeni).

Tatizo la pili ni seramu. Seramu ya ng'ombe imejaa TGF-β1, na ile iliyokomaa inafanana kabisa na ya binadamu, kwa hiyo ELISA, kipimo cha protini kinachotumia kingamwili, haitazitenganisha. Kusanya kwenye midia isiyo na seramu. Na kwa kuwa TGF-β nyingi hutolewa ikiwa imefungwa, ELISA ya kawaida haitaiona mpaka uweke asidi kwanza kisha uirudishe sawa kwa besi. Vipokezi vya faibroblasti havioni iliyofungwa pia, kwa hiyo pima kabla na baada ya asidi.

Zungusha kwenye sentrifuji kuondoa mabaki, gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha kwa nyuzi −80. Usiyeyushe kichupa mara mbili.

Hatua ya 5: Lisha faibroblasti

Nusu midia ya Caco-2, nusu mpya. Ongeza vitamini C, maana bila hiyo kolajeni haijikunji vizuri. Kontroli chanya ni TGF-β1 nanogramu 5 kwa mililita. Sahani nyingine iwe na SB-431542, kizuizi cha kipokezi cha TGF-β: matokeo yakizimika, umejua njia.

Hatua ya 6: Soma

COL1A1 (jeni ya kolajeni) na ACTA2 (jeni inayopanda faibroblasti ikianza kutengeneza kovu) saa 24; kolajeni yenyewe saa 72. Gawanya kwa idadi ya seli.

Ukipata ongezeko, kumbuka plastiki ngumu tayari huzisukuma faibroblasti kuelekea kovu, na sahani haina bakteria wala seli za kinga. Hatua inayofuata ni tishu za wagonjwa: paka rangi ya kuonyesha BiP kwenye utando, na rangi ya picrosirius red ya kuonyesha kolajeni, vipande vinavyofuatana. Omba zilizotolewa kwa upasuaji. Vipande vya endoskopi huishia utando wa juu, wakati kovu linalobana njia limekaa chini yake na ndani ya misuli.