Ukirudi kambini kwa miguu usilenge gari

Hii ni ya nyinyi mnaopiga kambi porini kando ya barabara, mfano ile ya South Horr kwenda Loiyangalani kule kaskazini mwa Kenya, inayoelekea kaskazini, halafu mnaacha gari mnatembea upande wa Mlima Kulal, mashariki. Wakati wa kurudi lenga makusudi kusini ya gari, kama nusu kilomita hivi (mkienda mbali sana ongezeni), ukifika barabarani pinda kulia tembea mpaka ulikute. Ukililenga lenyewe utakosea kidogo tu, na utakosea maana yale mawe meusi ya volkano hayakuachii unyooshe mstari, basi unatokea barabarani hujui gari liko kulia ama kushoto, na likiwa nyuma ya kilima hulioni hata ukiwa mita mia. Pini ya ramani ya mahali gari lilipo weka kwenye simu, sawa, lakini jua la kule simu ikichemka inajizima. Mbinu hii inagoma pale alama za matairi zimetawanyika kila upande, ama giza likishaingia, utaivuka barabara bila kujua. Laga (mto mkavu) refu la mchanga nalo linafaa badala ya barabara, mradi liwe moja.