Chagua meza ya poka kwa rekodi zako
Jumla ya faida haikuambii meza ipi inakulipa. Tenganisha rekodi kwa aina ya mchezo, dau na idadi ya wachezaji mezani, kisha pima blaindi kubwa (dau la lazima kubwa zaidi mezani) unazopata kwa kila mikono 100, yaani raundi 100 za kugawiwa karata, makato ya kasino yakishatolewa.

Tatizo ni bahati. Kwenye No-Limit Hold'em (poka isiyo na kikomo cha dau) ya watu 6, matokeo huyumba kwa takriban blaindi kubwa 90 kila mikono 100. Hivyo baada ya mikono 10,000, wastani wako bado unaweza kupotoka kwa blaindi kubwa 9 kwa kila mikono 100, juu au chini, na faida ya 5 haijathibitisha kitu. Kwa mikono 100,000 kupotoka huko hushuka hadi karibu 3.

Makato, kinyume chake, huonekana mapema. Yalinganishe kwanza, hasa kwenye madau madogo yanakouma zaidi.