Ukinunua mbao ya mninga angalia weupe wa pembeni

Wanaotaka kutengeneza milango au kitanda cha mninga, ukifika kwa muuza mbao usiangalie upana tu, cheki ule weupe wa pembeni maana huo ndo wadudu wanautoboa, kiini chenye rangi ya kahawia ndo kigumu kwa mchwa na hakisinyai sana hata kikikauka, ndo maana mlango wa mninga haupindi hovyo. Alaf wapo wanaopaka rangi mbao nyingine wanakuuzia kwa bei ya mninga (bei yenyewe sasa hivi mh), we kwangua kidogo na kisu uone ndani. Na fundi akipiga randa au msasa avae barakoa, vumbi lake linawasha pua na wenye pumu linawabana kabisa.