Jinsi ya kutuma mzigo kutoka Moshi na Arusha bila hela kuishia njiani

Kabla hujauliza bei ya gari, uliza kwanza magari yanatoka wapi na yanarudi na nini. Wengi wetu huku tunaanza na "gunia bei gani kwenda Dar" kama vile bei imebandikwa ukutani, kumbe inategemea upande. Fuso iliyopanda kutoka Dar na saruji au mabati ikishashusha Arusha lazima irudi, na dereva hataki kushuka mtupu manake mafuta atachoma tu, sasa hapo ndo pa kuongelea. Nenda asubuhi kule yanakoshushia, muone dereva au utingo mwenyewe kabla dalali hajakuona na kabla hujaanza kuonyesha una haraka. Dalali sio mtu mbaya, kuna siku anakuokoa, ila asilimia yake inatoka kwenye mfuko wako.

Desemba ndo utaelewa vizuri. Wachagga wanarudi nyumbani, mabasi ya kutoka Dar yanakuja yamejaa watu na mabegi na magodoro mpaka kifurushi chako kinaachwa kisubiri gari la kesho, lakini yaleyale mabasi yakigeuza kushuka yana nafasi kibao. Ikifika Januari inageuka, watu wanashuka na ndizi na maparachichi ya bibi, nafasi iko ya kupandisha. Kwa hiyo kama una duka Moshi na unaleta bidhaa kutoka Kariakoo, leta Novemba, usisubiri wiki ya Krismasi alafu ulalamike.

Alafu kuna hii ya shambani hadi lami, ambayo watu hawaiweki kwenye hesabu kabisa. Kutoka Kibosho juu au Uru au Mwika mpaka barabara kuu ni kilomita chache lakini kwa kila kilomita hapo ndo unalipa pakubwa kuliko safari nzima ya Dar, hasa Machi mpaka Mei masika ikishika, kirikuu, yaani pikapu ndogo, inateleza, boda anapandisha bei, na we umeshavuna huwezi kurudisha ndizi mgombani. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, zile za vijijini na mitaani ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo daraja lenu likikatika ujue mlango wa kugonga ni upi. Dawa yake ni majirani kukusanya mzigo sehemu moja penye lami au moramu nzuri, mkalipa kirikuu moja inayoenda imejaa badala ya boda kumi.

Kifurushi kidogo, yaani boksi, begi, spea, nguo, hicho peleka basi. Hapa kuna utaratibu na ukiufuata hupotezi kitu. Andika jina la mpokeaji na namba yake ya simu kwa maka peni pande mbili za boksi, sio upande mmoja, manake likilaliwa na boksi lingine huo upande hauonekani na kule chini wanaanza kupiga kelele "hili la nani". Weka na karatasi ndani yenye jina lilelile. Ofisini sema thamani ya kweli na uhakikishe imeandikwa kwenye risiti, piga picha risiti, uliza namba ya gari linaloondoka nalo maana mara nyingi kifurushi kinapokelewa saa nne kikapakiwa saa kumi, alafu mtumie mpokeaji picha ya risiti na namba ya gari. Hela taslimu usiweke kwenye boksi hata kama ni la ndugu yako. Vimiminika wengi wanakataa na wana haki, dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, likipasuka kwenye buti linaharibu mzigo wa watu wengine.

Kwa Dar muulize mpokeaji anachukulia wapi. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ilifunguliwa Februari 2021 na mabasi ya mikoani yanaishia huko, ila kampuni nyingi zina ofisi zao za vifurushi maeneo ya Shekilango, kwa hiyo mtu wa Mbagala akiambiwa "umefika" anaweza kwenda Mbezi bure. Na kama mpokeaji yuko njiani, Same, Mombo, Korogwe, Segera, basi yeye ndo anatakiwa kusimama barabarani kabla gari halijafika, basi halikai, konda anashusha na kuondoka. Toka 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku pia, sasa kifurushi kinaweza kupita Korogwe saa nane usiku, mpange mapema nani atakuwa macho.

Sasa mzigo wa sokoni. Ndizi za huku zinaenda soko la Mabibo, Dar, pale panaitwa Mahakama ya Ndizi, na mteja wa pale anaangalia mkungu kwa jicho la sekunde mbili tu. Mkungu uliochubuka unaonekana umeivia vibaya kabla hata haujaiva. Pakia hivi: sakafu ya gari tandika majani ya mgomba makavu ya kutosha, sio matatu manne ya kuzuga, mikungu isimame na isilale, iegemeane, kila safu weka majani tena, na pembeni kwenye bodi ya chuma ndo uongeze zaidi manake pale ndo inasuguka kwenye kila kona ya mlima. Vijana wa kupakia wakiona hausimamii watairusha kama kuni. Simamia mpaka turubai linafungwa. Na usifunike ikabana kabisa, ndizi zikikosa hewa kwenye joto la kuanzia Same kwenda Korogwe zinafika zimeanza kuiva, na hapo mnunuzi ndo anapanga bei sio wewe. Gari liondoke mchana ili liingie Mabibo alfajiri.

Nyanya weka kwenye makreti ya mbao, gunia hapana. Vitunguu gunia la wavu sawa. Na lumbesa achana nayo, unajaza gunia mpaka linavimba juu kama mtu kavaa kilemba, mnunuzi anakulipa bei ya gunia moja, serikali inakataza, na bado mwenye gari anakulipisha nafasi zaidi.

Barabarani kuna mizani, kwa upande wetu ile ya Njiapanda Himo ndo kila mtu anaijua. Magari yenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 yanapita humo, mabasi pia. Tangu Machi 2019 Tanzania inatumia sheria ya Afrika Mashariki ya uzito, ukomo wa jumla ni tani 56 kwa gari na mzigo wake, ila kinachowakamata watu wengi sio jumla, ni ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa matairi, kuzidi kwa sababu mzigo umerundikwa nyuma. Hapo gari linasimamishwa, mzigo unapangwa upya na nyanya zako ziko juani. Kabla ya kuondoka mkubaliane na dereva faini ya mizani ni ya nani, na iandikwe hata kwenye meseji.

Ushuru wa mazao nao uwe na risiti ya halmashauri ulikotoa mzigo, kila geti wataiuliza. Mkulima anayehamisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine alifutiwa ushuru kwenye bajeti ya 2017/18, kwa hiyo kama una magunia machache usikubali kulipishwa kwa sababu tu hujui.

Wanaovuka kwenda Kenya wana milango miwili, Namanga kwa watu wa Arusha, kama kilomita 110 hivi, na Holili kwa sisi wa Moshi. Yote miwili sa hivi ni kituo cha pamoja, unakaguliwa mara moja upande unaoingia, Holili na Taveta ilizinduliwa 2016 na Namanga 2018. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki una utaratibu mwepesi, cheti cha uasili wa bidhaa unapata hapohapo mpakani na huhitaji wakala. Angalia neno uliozalishwa. Mahindi yako, sawa, mitumba ya Kiboriloni haihusiki hata uwe umeifua na kuipiga pasi. Na mazao ya shamba yanataka pia cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao yao makuu yako Arusha, kachukue kabla hujapakia. Njia za panya zinaonekana rahisi mpaka siku mzigo wote unachukuliwa.

Mwenye mzigo wa meli asiwaze Dar peke yake. Tanga pamebadilika sana, kina cha maji pale gatini kimechimbwa mpaka mita 13 na meli zinafunga gatini, zamani zilisimama mbali na mzigo unaletwa na matishari, na kutoka Moshi Tanga ni karibu kuliko Dar. Mombasa nayo kupitia Holili na Voi ni kama kilomita 300 tu, ndo maana wenye parachichi za kwenda nje wengi wameizoea, ila huko unaongeza mpaka na makaratasi yake. Piga hesabu ya siku, sio ya kilomita.

Treni iko, reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929, ya abiria ilisimama miaka mingi ikarudi Moshi Desemba 2019, Arusha mwaka uliofuata. Kwa saruji na mbolea iko poa. Kwa kitu kinachooza, hapana. Na ile ya umeme ya SGR bado haijafika kwetu, inatoka Dar kwenda Morogoro na Dodoma.

Ndege KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ni kwa kitu chepesi cha bei kubwa, maua, mboga za kwenda Ulaya, au boksi la batiki na vikapu la mteja wa nje. Hapa watu wanashtukia dirishani, manake hawapimi kilo tu, wanapima na ukubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, ukipata kubwa kuliko kilo za mzani unalipia hiyo. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 linatoka kilo 16, hata kama ndani kuna vikapu vya kilo tano. Kwa hiyo vikapu ingiza kimoja ndani ya kingine, batiki kunja uweke katikati, chukua boksi dogo, alafu pima nyumbani kabla hujalipa gari la kukupeleka KIA.