Jinsi ya kubadilisha mtungi wa gesi kwenye foklifti

Foklifti nyingi za propani hazijazwi gesi pale zilipo. Unatoa mtungi uliokwisha na kuweka uliojaa. Ni kazi ya dakika chache, na mtego mkubwa uko hatua ya pili.

1. Peleka foklifti penye hewa ya kutosha, mbali na sigara, mashine ya kuchomelea, mashimo na mitaro. Propani ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu. Ikivuja haipai, inatambaa sakafuni na kutuama shimoni. Shusha uma hadi chini, weka gia huru, vuta breki ya mkono.

2. Usizime injini! Funga kwanza koki ya mtungi, uiache injini inywe gesi iliyobaki kwenye mpira (bomba laini linalotoa gesi mtungini kwenda kwenye injini) mpaka ife yenyewe, ndipo uzime swichi. Ukianza na swichi, mpira unabaki na propani. Mtungi wa foklifti hutoa gesi ikiwa bado kimiminika, nayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo ikikurukia hugandisha ngozi. Kidole gumba changu kilinifunza hilo zamani, nilipodhani glavu ni za wanagenzi.

3. Vaa glavu nene na miwani, kisha fungua kiungo cha mpira kwa mkono, taratibu. Kasauti kafupi ka "pss" ni kawaida. Kasipokoma, kaza tena kiungo uangalie kama koki imefunga kweli.

4. Legeza mikanda, shusha mtungi. Wa chuma wenye kilo 15 za gesi, ukijaa, hufika kilo 30 hivi, basi ita mwenzako. Ule uliotoka usiuamini kwa kuwa ni mwepesi: bado una mvuke ndani. Acha koki yake imefungwa.

5. Kagua mtungi mpya. Ukiwa umebonyea, umeliwa na kutu, au ringi ya mpira kwenye kiungo imepasuka au haipo, urudishe.

6. Ulaze hadi pini ya kitako, pale foklifti inapobeba mtungi, iingie kwenye tundu la kola ya mtungi, yaani pete ya chuma inayozunguka koki. Wengine hulazimisha mikanda hata pini isipokaa, wakidhani ni urembo. Pini ndiyo inayoiweka vali ya usalama, ile inayopunguza shinikizo likizidi, upande wa juu, penye mvuke. Mtungi ukigeuka, vali hiyo ikifunguka itamwaga kimiminika.

7. Kaza kiungo kwa mkono, bila spana. Fungua koki polepole sana. Ukiifungua kwa pupa, vali ya ndani inayozuia gesi kutoka kwa kasi hudhani mpira umekatika na kujifunga. Injini itakataa kuwaka. Ikitokea hivyo, funga koki, subiri kidogo, anza upya.

8. Paka povu la sabuni kwenye kiungo kabla ya kuwasha. Likitoa mapovu, au ukisikia harufu, funga koki, usiguse swichi, mwite fundi wa gesi.